Mbuzi Mmoja kwa Mwaka

Matrah, Maskati
Jumapili, baada ya Alasiri

Kaka yangu Thabit,

Assalaam alaykum. Utakapoiona bahasha hii yenye mwandiko wangu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Bi Mkubwa mzima, mimi mzima, na yule paka wa jirani uliyemlaani ulipokuja mara ya mwisho naye mzima, tena amezaa. Nataraji na wewe hujambo, goti linakunjika, na wifi yangu Jawaher amepona kile kikohozi nilichokuwa nikikisikia kwenye simu. Mwambie bizari aliyoniagiza nimeshaisaga, inangoja tu mtu wa kuichukua. Huku joto limeanza kulegea. Asubuhi tunafungua madirisha ya roshani, na Bi Mkubwa amerudi kwenye kiti chake cha kutazama meli za watalii na kuwasema nguo zao.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Tangu tulipokuwa watoto ukishika maneno huyaachi, na sasa umepata na kidude cha kukatia. Ijumaa ulisema kuwa nimemtia maneno mthamini ili aishushe bei ya nyumba ya Baba, ibaki kwangu. Ulisema hukutegemea mimi, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, nikufanyie hivyo wakati unazama. Kisha ukakata. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyepigwa kibao na hajui amekosa nini. Iliniuma, kaka, na nakwambia wazi kuwa mpaka sasa inaniuma. Lakini barua haikatiki. Isome mpaka chini wala usiruke, kwa sababu jambo lenyewe liko chini, na bila ya haya ya juu hutalifahamu.

Kwanza ujue kuwa shida yako tunaijua. Sauti zako unazotutumia tunazisikiliza kila asubuhi na chai. Bi Mkubwa hunifanya nizirudie mara mbili, ya kwanza kwa habari na ya pili kwa ajili ya sauti ya mwanawe tu. Mtaa wako wa huko Marekani anaujua kuliko anavyoijua Hamriya ya hapa hapa mjini, ambako hajakanyaga tangu yule fundi wake wa nguo alipohama. Anajua kuwa mliinunua nyumba wakati mtaa huo hakuna aliyeutaka, kwamba baadaye wakaja vijana na mikahawa yao ya kahawa ya bei mbaya, na kwamba tangu hapo kila mwaka unapata barua kuwa nyumba yako imepanda thamani. Hukuongeza hata msumari. Bomba ni lile lile na dari ni lile lile, lakini kwenye karatasi zao unatajirika, na kodi ya majengo inapanda nyuma ya huo utajiri wa karatasi. Pensheni ndiyo haipandi. Uliposimulia habari za yule mzee wa nyumba ya kona, aliyeuza akaenda kukaa chumba cha uani kwa binti yake, Bi Mkubwa alimlilia mtu asiyemjua jina.

Tunajua pia habari za hiyo kura ya mwezi wa kumi na moja. Nilimfasiria Bi Mkubwa kama ulivyonieleza: kuna pendekezo la kuibadilisha katiba ya jimbo lenu, ili thamani ya nyumba inayotumika kupigia kodi isiruhusiwe kupanda zaidi ya asilimia chache kwa mwaka, maadamu mwenye nyumba ni yule yule. Alikufahamu mara moja. Alisema hilo ni jambo la adabu tu, na akashangaa kwamba serikali kubwa kama ile inahitaji kupigiwa kura ili iwe na adabu. Picha yako umesimama bustanini na kile kibao cha kampeni ameiweka kwenye kabati la vyombo, mbele ya vikombe. Anakuombea dua unapopita nyumba hadi nyumba na vipeperushi na goti hilo.

Na siku uliyosimulia kuwa ulikwenda kwenye kamati ya malalamiko na picha za dari lako lililopasuka, na wakakupunguzia kidogo, ilikuwa sikukuu humu ndani. Sauti ile aliirudia hata mimi nikaihifadhi moyoni. Alitaka kujua hasa ulipiga picha gani, dari lilipasuka wapi, na mthamini alisema nini alipoliona. Tafadhali likumbuke hili, nitalirudia.

Nikwambie kweli, mimi mwenyewe sijui ningepiga kura gani. Najua unakasirika nikisema hivyo. Lakini miaka mingi nilikaa kwenye dirisha la bili za maji, watu wananiletea hasira zao kama kwamba mita nimezizungusha mimi, na nilijifunza kuwa kila bili inayopunguzwa kuna mahali inaongezwa. Yule jirani yako mwalimu, aliyeweka kibao cha kukataa mkabala na chako, si mtu mbaya. Ulisema mwenyewe kuwa anaogopa skuli yake itapungukiwa, na kwamba kijana anayenunua leo atalipa kodi kubwa kwa nyumba iliyo sawasawa na yako, huku wewe uliyetangulia umekingwa. Ukamwita adui. Bi Mkubwa aliposikia alisema umpelekee halwa, kwa sababu mtu wa kibao atavua kibao baada ya kura, lakini ujirani hauvuliki. Sijui kama ulimpelekea. Nakutajia kwa sababu na mimi nimekaa mahali pa huyo mwalimu siku mbili hizi, nikaona si pazuri.

Sasa rudi nyuma na mimi mpaka siku ya khitma ya Baba. Watu walikwisha kula wakaondoka, tukabaki wewe, mimi na Ami Yaqdhan ukumbini, na Bi Mkubwa yuko eda, nyuma ya pazia. Ami, Mungu amrehemu, akatutajia mafungu yetu: la mjane, lako, na langu ambalo ni nusu ya lako. Tukakubaliana nyumba isiuzwe maadamu Bi Mkubwa yumo ndani yake. Ami akauliza itakuwaje mmoja wetu akitaka fungu lake kabla. Tukasema mwenzake atalinunua, kwa bei ya nyumba ya siku ile. Ami akatikisa kichwa, akasema bei za nyumba hazikai, na kumlipa mtu kesho kwa bei ya leo ni dhulma. Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. Bi Mkubwa alisema basi na ipande, lakini ipande kwa adabu: kila Idi ya kuchinja bei ya nyumba iongezeke kwa bei ya mbuzi mmoja, tena mbuzi wa kwetu wa mlimani, si wa kuletwa na meli.

Wewe ulicheka. Ulicheka mpaka Ami akakukazia macho, maana mfiwa hachekwi. Ulimwambia Bi Mkubwa kuwa huko unakokaa thamani ya nyumba inapangwa na soko wala haipangwi na mbuzi. Lakini tangu mwaka ule, kila nikirudi kutoka kununua mbuzi wa Idi, ananiuliza bei kabla hata hajamwangalia mnyama, na jioni kwenye simu anakwambia kuwa nyumba yenu imepanda mbuzi mmoja. Unakumbuka ulivyokuwa ukimjibu, kwamba asimsahau na mwanambuzi. Leo, kaka, unabisha hodi kwenye milango ya Wamarekani kuwaombea hicho hicho ulichokicheka. Wenyewe wanakiita asilimia na watakiandika kwenye katiba, lakini ni mbuzi mmoja kwa mwaka.

Nakutania, na utanivumilia, kwa sababu sasa nafika penye uzito. Ulipopiga mwezi uliopita kuniambia kuwa kampuni ya wale wanaogeuza nyumba za zamani za Matrah kuwa nyumba za wageni imekutafuta, na kwamba ikiwa itauzwa kwa bei ya soko fungu lako litakuwezesha kubaki kwako bila ya kuhofia barua za kila mwaka, nilinyamaza. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nafikiri tu kwamba kule unataka bei ya nyumba ifungwe kamba ili usitolewe, na huku unataka ifunguliwe kamba, na atakayetolewa ni Bi Mkubwa. Sikusema, kwa sababu hukuwa na sauti ya mtu mwenye tamaa. Ulikuwa na sauti ya mtu aliyechoka. Ulisema yale maneno ya khitma hayakuandikwa wala kutiwa saini, na ni kweli. Sheria iko upande wako. Na nisijifanye mtakatifu: anayefaidika na mbuzi wa Bi Mkubwa ni anayebaki ndani ya nyumba, na tangu nifiwe na mume wangu anayebaki ndani ni mimi. Kama vile wewe utakavyofaidika na kile kikomo chenu, kwa sababu wewe ndiye uliyetangulia.

Basi nilikubali mthamini aje, nikakwambia wazi kuwa nakubali kupima tu, kuuza ni mazungumzo mengine. Ukamtafuta kijana wewe mwenyewe kupitia rafiki yako. Na Bi Mkubwa nilimwambia kwa kifupi sana, nikiwa nampa dawa zake, kuwa Jumanne atakuja mtu wa Thabit wa kuithamini nyumba. Sikutaja kampuni wala kuuza. Nilijiambia hakuna haja ya kumtia mashaka kabla ya kujua bei. Yeye aliuliza tu kama ni mthamini kweli. Nikasema ndiye. Akaniambia nimnunulie tende nzuri.

Unaijua tabia yake na nyumba hii. Tangu Baba alipotuingiza humu, sisi tumetoka Unguja na masanduku mawili na wewe unalia unataka kurudi, hajapata kukiri kasoro hata moja. Ule ufa wa ukuta wa ukumbini anauita mshipa, anasema nyumba yenye damu lazima iwe na mshipa. Paa likivuja mvua zinapopiga, nyumba imetoka jasho. Mlango wa mbele ukikataa kufunguka, mlango una haya na wageni. Zile ngazi zilizomwangusha Jawaher mwaka wa harusi yenu ni ngazi za kutia nguvu magotini. Mimi nikileta fundi wa kutengeneza kitu inabidi nimwambie Bi Mkubwa kuwa fundi amekuja kusalimia.

Jumanne alikuja huyo kijana, jina lake Muatasim, kanzu yake safi, mpole, na kifaa kidogo cha kupimia kwa mwanga mwekundu. Akavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Bi Mkubwa alikuwa ameshavaa baibui tangu asubuhi na amekaa kitako ukumbini, fimbo pembeni. Alimkaribisha kahawa na tende, akamwuliza ni mtoto wa nani, akaridhika. Kijana alipoinuka kuanza kazi, Bi Mkubwa naye aliinuka. Nilimwambia apumzike, mgeni atazunguka na mimi. Akaniambia nimpishe.

Alianza na ukumbi. Alinyoosha fimbo kwenye ule mshipa wake, akamwambia yule kijana kwa Kiarabu chake kile cha Kiunguja kuwa huo ni ufa, ni wa zamani, na unaongezeka. Nilidhani sikusikia vizuri. Akapita kwenye mlango wa mbele, akausukuma kwa bega mbele ya mgeni, akasema mti umevimba na hautafaa tena. Akapanda ngazi akizihesabia ubaya wake moja moja, akasema zitakuja kuua mtu. Huko juu akaonesha doa la maji darini, akaeleza linavyovuja na mwaka gani lilianza, mambo ambayo mimi niliyekaa humu nilikuwa siyajui. Chumbani kwake aliniamuru nilisogeze kabati. Mimi na Muatasim tukalisukuma, na nyuma yake plasta yote imeanguka, mawe yako wazi. Kijana alisimama akatazama. Baadaye, nilipokuwa namsindikiza kichochoroni, aliniambia kuwa katika kazi yake amezoea wenye nyumba kusogeza makabati ili kuziba nyufa. Hajapata kuoneshwa ufa na mwenyewe.

Alipoondoka, Bi Mkubwa alikwenda akakaa kwenye roshani na kunigeuzia mgongo. Nilifikiri lile ambalo na wewe unalifikiri sasa hivi, na usikatae: kwamba Bi Mkubwa si mtoto, amenusa kuna kuuza, na ameamua kuiharibu bei kwa fimbo yake mwenyewe. Nikuambie, nilimwonea fahari. Nilijisemea moyoni kuwa mwanamke ameipigania nyumba yake. Kwa hiyo bei ilipotoka, ikawa chini hivi ilivyokuwa, na kampuni ikaishikilia hiyo hiyo, nilijua sababu. Ndiyo maana Ijumaa uliponishutumu sikuwa na la kusema. Kujitetea kwangu ilikuwa ni kumshitaki mama yako kwako, na hilo sikuliweza.

Sasa lisome hili polepole. Jana asubuhi Bi Mkubwa aliniona macho yamevimba. Akaniuliza Thabit alisema nini Ijumaa, maana alisikia sauti yangu ikikatika. Nikamwambia hukufurahishwa na ile thamani aliyoitoa Muatasim. Akauliza imekuwaje. Nikasema imeshuka, imekuwa ndogo sana. Kaka, uso wake uliangaza. Akamshukuru Mungu, akapangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza basi kwa nini mwanangu hakufurahi, kwani bado hawajampunguzia?

Nikamwuliza wampunguzie nini. Akanitazama kama mimi ndiye niliyezeeka. Akasema kodi. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfahamisha mtoto: Thabit amesema mwenyewe kwenye simu kuwa huko watu wa kuthamini wanakuja, wakiona nyumba nzuri wanampandishia kodi, na wakioneshwa pasuko wanapunguza. Alipewa nafuu kwa dari tu. Sasa wamekuja kuangalia na hii ya huku, kwa sababu na hii ni yake, na bila shaka serikali ile imeandika kila alicho nacho. Ndiyo maana alipoambiwa anakuja mtu wa Thabit wa kuithamini nyumba, alijua la kufanya. Hakulala siku hiyo, alikuwa anazipanga kasoro zote akilini asisahau hata moja.

Sikuamini, nikamwuliza kwani hakuona vibaya kuisema nyumba hivyo. Akasema aliona vibaya sana. Alisema alipokuwa anaonesha ule ukuta wa chumbani alihisi kama anamvua nguo Baba mbele ya mtu. Ndiyo maana alikaa roshani baadaye na hakutaka kusemeshwa. Lakini, alisema, nyumba ni mawe, na mwanangu yuko peke yake na wale watu. Kisha akaniambia nimkorogee chai.

Hilo ndilo lililoishusha bei yako, Thabit. Si mimi. Wala Bi Mkubwa hakuwa anaipigania nyumba yake. Alikuwa anaipigania yako.

Nilitaka kumwambia ukweli pale pale, kwamba yule kijana hakutoka Marekani wala hakuleta nafuu yoyote, na kwamba ulimtuma ili kiti chake cha roshani kiuzwe na yeye ndani ya hesabu. Nikaenda kumkorogea chai. Tangu jana kila baada ya sala ananiuliza kama wamekupunguzia, na mimi namjibu bado. Nimejificha uani nikalia, nisikufiche hilo.

Sasa nakupa neno langu. Fungu lako nitalinunua mimi, kwa bei ya siku ya khitma na mbuzi wote waliopanda juu yake, kutoka kwenye mafao yangu ya kustaafu, na kitakachobaki nitakutumia kila mwezi kutoka pensheni. Najua ni kidogo kuliko ingetoa kampuni kama ufa usingeoneshwa. Lakini kitakusukuma mpaka kura ipite na baada yake, ikipita au isipopita, na wewe utabaki kwako na Bi Mkubwa atabaki kwake. Ukiona haitoshi, sema, tukae tuzungumze kwa upole, sitakushikia mbuzi kama msahafu. Na ukiona lazima iuzwe, sitakupinga wala sitakwenda mahakamani kushindana na kaka yangu. Ila itabidi upande ndege uje umwambie mwenyewe. Hapo mimi simo.

Wala sikuandikii ili uone haya. Najua ulivyobanwa. Mtu akitishiwa kutolewa kwake hushika chochote kilicho karibu, na cha kwako kilichokuwa karibu ni sisi. Ningekuwa mimi huenda ningefanya hivyo hivyo, kisha ningemtafuta wa kumlaumu. Nimeshakusamehe ya Ijumaa, ila na wewe unisamehe kwamba nilimwambia Bi Mkubwa nusu ya habari. Ningemwambia nzima, asingeisimanga nyumba yake kwa mgeni.

Nisalimie wifi Jawaher sana, na wanao, na huyo mwalimu jirani ukimwona. Majirani wote wa kichochoro wanakusalimu, na muuza halwa wa sokoni anauliza lini utakuja kununua kwa bei kamili badala ya kuomba kuonja. Tunza goti, usipande vilima na vipeperushi.

Bi Mkubwa yuko hapa ubavuni kwangu. Anadhani naandika salamu tu, na ameniambia niandike haya kama anavyoyatamka, nisiongeze wala nisipunguze:

“Thabit mwanangu, nnakusalimu sana na nnakuombea. Mtu wako kaja, nimempokea vizuri, kanywa kahawa. Nyumba ya baba yako nimeisema vibaya mbele ya mgeni, kitu sijakifanya tangu nilipoingia humu, na nshaiomba radhi. Kama wamekupunguzia, nijulishe nifurahi. Kama bado, mrejeshe yule kijana. Kuna ufa mwengine jikoni. Ule nilimficha, niliona haya.”

Mdogo wako akupendaye,
Ruqaya